Mwaka Tuliopima Fizi

Mwezi uliopita Daktari Zeyana alitualika chakula cha mchana nyumbani kwake Nizwa, mimi na Asila. Sababu hakuitoa. Alimwambia binti yake anipigie simu, na yule binti akanambia tu kwamba mama anasema njooni Alkhamisi, na msile kitu njiani. Nilitoka Ibra asubuhi, nikampitia Asila kwao Mudhaibi, tukafika wakati wali unapakuliwa kwenye sinia. Daktari ameshapindukia miaka sabini na anatembea kwa bakora, lakini jikoni bado anasimama mwenyewe kusimamia. Nilipokuwa nanawa mikono nilimsikia akisema na mjukuu wake, msichana anayesomea udaktari wa meno. Alikuwa akimwonesha mimi kupitia mlango. "Yule mrefu ndiye niliyekuhadithia," alisema. "Mwenye mkono mwepesi." Msichana akauliza kama hiyo ilikuwa sifa au kasoro. Daktari akacheka, akamwambia amwulize mwenyewe akishakula. Nilikula, tena sana, na baada ya kahawa yule msichana aliniuliza kweli, kwa adabu, amekaa karibu yangu na kikombe mkononi. Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu watu walikuwa wengi. Jawabu refu ni hili.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Habari za wazee wangu na za namna tulivyorudi kutoka Unguja siziweki hapa. Kila nyumba Ibra inazo zake na zote zinafanana. Nilikuwa msaidizi wa meno katika kituo cha afya, kazi yangu kusafisha vyombo, kuchanganya dawa ya kuzibia, na kushika taa. Chumba chetu cha meno kilikuwa na kiti kimoja, ngozi yake imechanika pale watu wanapoweka kisigino, na dirisha linalotazama mitende ya jirani. Hapo ndipo alipoingia Daktari Zeyana siku moja, mwanamke mfupi mwenye miwani, akanitazama nikifanya kazi kwa muda wa nusu saa, kisha akaniuliza Kiswahili changu kikoje. Nilimwambia ndicho tunachosema nyumbani. Akasema basi ananitaka kwa mwaka mmoja. Alikuwa ameruhusiwa kufanya utafiti wa ugonjwa wa fizi katika mikoa ya Sharqiya na Dakhiliya, na wazee wengi aliotaka kuwapima walikuwa wale waliotoka Unguja na Pemba, ambao kwa daktari husema Kiarabu cha heshima, na maumivu yao huyasema kwa Kiswahili.

Mpaka leo watu huniuliza kuna nini cha kutafiti katika fizi. Mimi mwenyewe nilijiuliza hivyo hivyo. Jino likitoboka linauma, na mwenye nalo hukimbilia hospitali. Fizi haiumi. Hutoa damu kidogo kwenye mswaki, mtu akatema, akasukutua, akasahau. Huku chini, baina ya jino na fizi, panafunguka kifuko, na mfupa unaolishika jino unalika polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku jino linapotikisika kwenye tonge la wali. Siku hiyo daktari hana la kufanya ila kung'oa. Daktari Zeyana alitaka kujua ugonjwa unaanza lini na utaonekana vipi kabla mfupa haujaliwa. Alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ya siku zote: kijiti cha chuma chenye ncha butu na mistari ya milimita, unakiteremsha pembezoni mwa jino, fizi nzima inakuzuia kwenye mbili au tatu, ukifika nne au tano, kuna jambo. Ya pili ilikuwa ndiyo ya kujaribiwa: kikaratasi chembamba kama unyasi, unakigusisha kwenye ukingo wa fizi kikanywa unyevu wake, unakitia katika kichupa chenye namba, kichupa kwenye barafu, barafu mpaka maabara Maskati. Akitumai kwamba ule unyevu utasema mapema kile ambacho chuma husema kwa kuchelewa.

Wiki ya mwanzo alinifundisha Nizwa. Aliazima mizani ya sonara mmoja wa sokoni, ile ndogo ya kupimia fedha, akaniweka mezani niibonyeze kwa ncha ya chuma mpaka mshale ufike kwenye alama aliyoichora kwa wino, nisizidishe wala nisipunguze. Niliibonyeza asubuhi, niliibonyeza adhuhuri, nikaibonyeza mpaka nikaweza kufika kwenye alama nimefumba macho. Daktari aliridhika. Sasa naona ile mizani ilikuwa na upungufu mmoja tu, kwamba haikuwa na uso.

Mwandishi wetu wa namba alikuwa Asila. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, kazaliwa Mudhaibi, na tulipangiwa chumba kimoja katika nyumba ya wafanyakazi wanawake nyuma ya kituo. Vitanda viwili vya chuma, kabati moja lisilofunga, na mashine ya baridi dirishani inayodondosha maji ndani ya kopo la samli. Kiswahili chake alikipokea jikoni kwa mama yake, na ngeli zote alizitia kapu moja: nyumba mzuri, chai mzuri, kitabu mzuri. Nikimkosoa alinijibu kwa Kiarabu kwamba maadamu nimefahamu, khalas. Jumatano asubuhi, kabla ya kazi, tulipita soko la wanawake, akanunua ubani na vitambaa ambavyo hakuvihitaji, na tukarudi na mikate myembamba ya moto tukaila na jibini na chai ya maziwa, tumekaa kwenye ngazi. Alikuwa na meno meupe, yamejipanga vizuri, na alikuwa akiyapiga mswaki huku akitazama saa kama anayesubiriwa na mtu. Nilidhani ni umaridadi. Daktari alipotaka watu vijana wenye fizi nzima, ili vikaratasi vyao vilinganishwe na vya wagonjwa, sisi wawili tulikuwa wa mwanzo kujitolea. Asila, ambaye Daktari alikuwa akimfundisha pia, alinipima mimi, mimi nikampima yeye na kuziandika namba zake mwenyewe. Alipoinuka kitini aliniuliza, kwa sauti ndogo kuliko yake ya kawaida, kama yote ni sawa. Nilimwambia safi kabisa. Akanikumbatia, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, nami sikuuliza kwa nini.

Basi tukaanza kuzunguka. Dereva wetu, Ami Humud, alikuwa mtu wa Ibra asiyependa kuendesha kwa haraka wala kunyamaza. Miezi ya mwanzo Daktari alikuwa nasi kila siku, halafu kazi za Nizwa zikamzidi, akawa anakuja mara moja kwa wiki mbili, na kupima akaniachia mimi. Tulipima Ibra, tukapima Mudhaibi, kisha tukenda Sur. Safari ya kwanza ya Sur Daktari naye alikuja kwa siku moja, akarudi. Sisi tukabaki wiki tatu. Siku hizo daraja la Aija lilikuwa bado kujengwa, na kila asubuhi Ami Humud alituzungusha na gari mpaka mtaa wa Aija, upande wa pili wa hori, akitueleza kila nyumba ilikuwa ya nani na nani kamwoa nani.

Nyumba ninayoikumbuka zaidi ni ya Bi Ghaniya. Ilikuwa nyumba kuukuu ya wafanyabiashara, mlango wake wa nakshi umeliwa na chumvi kwa chini, na juu kulikuwa na chumba kirefu chenye madirisha manane, mikeka, na mito imepangwa ukutani. Bi Ghaniya alizaliwa Malindi, Unguja, na alisema Kiswahili ambacho mimi nilikuwa nimekisikia kwa bibi yangu tu. Hakutaka kiti. Alilala kwenye godoro, akaniwekea kichwa mapajani, nikavaa taa yangu ya kichwani na kuanza. Fizi zake zilikuwa nyekundu na zimevimba, na kila nikishusha chuma alifunga macho na mikunjo ikamjaa uso. Nikitaja namba, Asila aliandika. Mbili, tatu, tatu, mbili. Nilimwuliza kama hutokwa na damu akasema hutokwa tangu zamani, fizi kutoka damu ni uzee, kama mvi, na ana mswaki wa mti anaoutumia kabla ya kila sala. Nilimwambia fizi zimevimba kidogo na azisafishe vizuri zaidi, lakini vipimo vyake si vibaya. Alifurahi mno. Alituzuia kwa chakula cha mchana, wali mweupe na mchuzi wa papa mkavu wa nazi ya kopo, achari ya ndimu, na tende za kumalizia. Tulipokuwa tunakula niliwasikia wakwe zake wakinong'ona jikoni. Mmoja alisema mkono wa yule binti mrefu ni mwepesi hata husikii, si kama daktari wake, yule wa siku ile anachimba kama anafukua mfereji wa falaji. Mwenzake akasema basi na kwa mama yake aitwe huyo huyo.

Maneno yale yalinipendeza zaidi ya papa. Naandika kwa sababu nimeapa kusema kweli katika kurasa hizi: nilikuwa najivuna. Habari ilikuwa imetutangulia Aija nzima, na kabla hatujateremka garini watoto wa kike walikuwa wanatuambia bibi anasema aje Raya, na Raya ni mimi. Nilikuwa nimeshazoea kuzitazama nyuso. Nikishusha chuma nilikuwa najua kabla ya mgonjwa kwamba ataumia, na kidole changu kikasimama chenyewe. Sikukusudia. Kama ningeulizwa ningeapa kwamba nabonyeza kwa uzito ule ule wa mizani ya sonara.

Nusu ya mwaka ilikuwa imepita pale Daktari Zeyana alipofika Ibra siku ambayo si yake. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa napanga vyombo. Alikuwa na karatasi kutoka Maskati mkononi. Alisema kikaratasi kimoja katika vile vya watu wazima wa afya kimerudi na jawabu la ugonjwa, na tena si ugonjwa mdogo. Maabara walidhani vichupa vimechanganywa, wakapima mara ya pili kile kilichobaki, na jawabu likawa lile lile. Alitaja namba. Niliijua, na Asila aliyekuwa anakunja vitambaa pembeni aliijua pia, kwa sababu ilikuwa yake. Nilisema kwa haraka kwamba haiwezekani, nilimpima mwenyewe, mbili kila mahali. Daktari alinawa mikono, akavaa glavu, akamwonesha Asila kiti, na mimi akanipa kalamu.

Meno ya mbele yalikwenda vizuri. Mbili, mbili, tatu, mbili. Alipofika gego la kwanza la juu, sauti yake haikubadilika hata kidogo. "Mbili. Tatu. Sita." Nilisita. Akasema, bila ya kugeuka, "Andika." Gego la upande wa pili lilikuwa tano, na la chini sita tena. Fizi yenyewe juu ilikuwa ya waridi, haina ukoga, haina uvimbe. Ukiitazama tu usingeijua. Asila alikuwa anatazama dari na machozi yanamwingia masikioni, na mimi nilidhani ni uchungu wa chuma. Alipomaliza, Daktari alinipa kile kijiti nimpime yeye tena, palepale alipopima. Nilishusha, Asila akakunja paji la uso, nikasoma tatu. Daktari akaniwekea kidole chake juu ya kidole changu, akasukuma, na chuma kikateremka bila kizuizi mpaka kwenye sita.

"Unasimama pale mtu anapokunja uso," aliniambia. "Unampima uso, Raya. Fizi hujaipima."

Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. Asila aliondoka kitini, akasimama dirishani, akasema maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka hayanipi raha, ingawa tumeshayacheka mara nyingi mimi na yeye. "Mimi niliuliza wewe," alisema. "Wewe umesema fizi yangu mzuri." Ndipo akatuhadithia, nusu Kiarabu nusu Kiswahili. Mama yake aliota meno kama yeye, meupe na mazuri, na alipofika miaka thelathini yakaanza kulegea, moja baada ya jingine, na kila lilipotoka watu walimwambia ni mimba, kila mtoto na jino lake. Shangazi mkubwa wa mama vivyo hivyo. Asila alikuwa amekua akihesabu meno ya mama yake yaliyobaki, na kazi ya meno aliiomba ili siku moja mtu amwambie yeye yumo au hayumo. Mimi ndiye niliyemwambia hayumo.

Daktari alimweka chini akamweleza kwamba iko aina ya ugonjwa wa fizi inayowashika vijana, inakwenda kwa ukoo, haina ukoga mwingi wala uvimbe, na hula mfupa wa magego kimyakimya. Akamwambia amekamatwa bado mapema na atatibiwa Nizwa kuanzia wiki ile. Kisha akanigeukia, akaniuliza ni sehemu gani nimepima bila yeye kuwapo. Nilisema Ibra na Mudhaibi. Akauliza, na Aija? Nilimwambia Aija tulianza pamoja. Lilikuwa neno la kweli, tulianza pamoja siku moja, lakini nilijua nafanya nini. Ibra na Mudhaibi ni karibu, na wale watu ningeweza kuwaendea bila makelele. Kurudi Aija, kwenye zile nyumba zilizokuwa zikinigombania, niwaambie niliwapima vibaya, hilo lilinishinda. Daktari, akili yake yote iko kwa Asila, aliandika Ibra na Mudhaibi kwenye daftari lake, akamchukua Asila garini, wakaenda zao Nizwa.

Chumba kilikuwa kikubwa siku zile tatu ambazo Asila hakuwepo. Asubuhi ya pili nilikaa kwenye ngazi na chai yangu, mkate ukapoa. Nilikuwa namfikiria Bi Ghaniya na mapaja yangu yalivyokuwa yamebeba kichwa chake, na zile tatu na mbili nilizozitaja kwa sauti ya kujiamini. Kama gego la Asila lilikuwa sita nami nikasoma mbili, basi zile fizi zilizovimba zilikuwa ngapi? Niliingia ofisini, nikaomba simu, nikampigia Daktari Nizwa. Nilimwambia Aija nimepima mwenyewe wiki tatu, yeye alikuwepo siku moja tu, na kwamba siku ile nilisema vingine kwa sababu ya haya. Nilisikia kalamu yake ikiandika. Akasema ahsante, nimwambie Ami Humud atie mafuta, tutakwenda Aija sote Jumamosi, na namba zote za zamani nizipige mstari mmoja, ili zibaki zikisomeka. Aliongeza kwamba kosa la kutoniangalia mkono kila mwezi lilikuwa lake, na atalitia katika ripoti yake. Alilitia kweli. Nililisoma baadaye, sentensi mbili, bila jina langu, na nilikwenda kumwambia kwamba jina langu nisingelionea haya. Alinijibu kwamba utafiti hauhitaji kutubu kwangu, unahitaji namba zilizo sawa.

Ami Humud hakusema neno njia nzima mpaka Sur, na kwa hilo nilijua amehadithiwa. Daktari alinifundisha upya palepale, katika chumba cha mapokezi cha zahanati, na safari hii hakutumia mizani. Alinipa watu. Alikaa pembeni yangu, akapima baada yangu kila mtu, na mpaka namba zetu zilipokutana siku mbili mfululizo ndipo akaniruhusu kwenda majumbani. Nyumba ya mwanzo niliichagua mwenyewe.

Bi Ghaniya alinipokea kwa furaha, akaagiza kahawa na halua. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamwambia kabla sijakaa. Nilisema safari ile nilimpima kwa kumwonea huruma, nikasimama kabla ya kufika, na vipimo nilivyompa si vya kweli. Wakwe zake walitazamana. Yeye akalala kwenye godoro na kuniwekea kichwa mapajani kama mara ile. Nilishusha chuma. Uso ukakunjana. Nikaendelea mpaka pale fizi iliponizuia yenyewe, na nikataja sita, saba, tano, saba, na Asila, aliyekuwa amerudi siku mbili kabla ya safari na kaja nasi kwa hiari yake, aliandika. Tulipomaliza Bi Ghaniya alikaa akajifuta mdomo.

"Mie nimezaa saba, mwanangu," alisema. "Na wewe ukaniogopea sindano isiyo ncha. Ulinionea huruma ukaniacha na maradhi yangu."

Aliniwekea kisahani cha halua mbele yangu, akakisukuma mpaka kikagusa goti, nami nikala kwa sababu nisingethubutu kukataa. Daktari Zeyana alipokuja baadaye aliziangalia zile namba, akamwuliza kama huona kiu sana na kama vidonda vyake huchelewa kupona. Alimpeleka akapimwe sukari, na sukari ilikuwa juu, wala hakuna aliyekuwa anajua. Fizi na sukari huchocheana, moja ikimharibu mtu, nyingine huongeza. Alianza dawa mwezi ule. Meno mawili hayakuokoka, mengine yalikaa. Niliwahi kupita kwake miaka mingi baadaye, akanitambulisha kwa wageni kwamba mimi ni yule binti aliyerudi. Lilinitosha jina hilo, na mpaka leo sijapewa jingine lililonipendeza zaidi.

Nyumba nyingine hazikuwa na maneno mengi hivyo. Moja walitufungia mlango. Nyingine mzee mmoja alisema akipimwa mara mbili na chakula kitolewe mara mbili, na tukala mara mbili. Jina langu la mkono mwepesi lilikwisha Aija nzima ndani ya wiki moja, na watoto waliacha kuja garini. Ajabu yake ni kwamba niliifurahia kazi zaidi kuliko zamani. Nilikuwa nalala mchana baada ya adhuhuri kama mtu aliyelima. Asila alikuwa anasafiri kwenda Nizwa kila baada ya wiki, wanamsafisha chini ya fizi, wakamfungua fizi upande mmoja wakashona, akarudi na shavu limevimba akila boko boko laini la ngano nililomtayarishia, huku akilisema vibaya. Hakunisamehe kwa maneno. Siku moja tu alinirudishia kijiti nilichokuwa nimekiosha, akakaa kitini, akafungua mdomo, akasema, "Pima mimi. Tazama ukuta, usitazame mimi." Nilipima. Sita ilikuwa imekuwa nne.

Mwaka ulipokuwa unakwisha, Asila alisema mama yake anatualika Mudhaibi. Bi Nasra alikuwa mwanamke wa miaka arubaini na tano, mzuri, mwenye macho ya Asila, na akisema nawe aliuvuta mtandio mdomoni kwa vidole viwili, akicheka pia, hata akinywa kahawa aligeuka ukutani. Tulikula sebuleni kwake, kuku wa kuchoma na wali wa zafarani, na yeye hakula mbele yetu. Alikuwa na watoto watano baada ya Asila. Lilipoondolewa sinia aliwaita wote, akawapanga mkekani kwa umri kuanzia mdogo, wamenawishwa, nywele zina mafuta. Alimwambia Daktari kwamba Asila amemweleza kuwa si mimba, na kwamba hakulala vizuri tangu aelezwe. Anataka wote wapimwe leo, palepale.

Daktari Zeyana alikuwa ameketi na kikombe chake. Hakuinuka. Alifungua mkoba, akatoa vyombo, akaniwekea mimi. Nilivaa taa. Wanne wa mwanzo walikuwa salama, namba zao mbili na tatu, Asila akiziandika kwa mwandiko wake wa haraka. Wa tano alikuwa Wafaa, mwenye miaka kumi na minne, aliyekuwa amevaa vikuku na hakutaka kulala chali mpaka Asila amshike mkono kwanza. Gego la juu lilikuwa tatu. La chini, nilipokiteremsha chuma, alikunja uso na kuvuta pumzi kwa nguvu, nami nikateremka mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa nne. Nilirudia. Nne. Upande wa pili nne. Kalamu ya Asila ilisimama, kisha ikaandika. Nilimtazama Daktari, akaja, akapima mara moja, akatikisa kichwa kukubali. Aligusisha kikaratasi kwenye fizi ile akakitia kwenye kichupa, na alivyokishika nilijua anajua kitasema nini.

Bi Nasra alikuwa amesimama muda wote. Alimwuliza Daktari kama wamechelewa. Daktari alimwonesha mimi kwa kidevu, kwamba aniulize mimi niliyepima.

"Hatujachelewa, Bi Nasra," nilimwambia. "Mfupa wake upo wote. Tumewahi."

Alikaa chini taratibu kama aliyepunguziwa mzigo wa kichwani. Wafaa alikuwa ameshakimbilia uani kuwahadithia wenzake habari za kichupa chenye namba yake, na Asila alikuwa ameinamia daftari, hainui uso. Mama yao alimtazama. Kisha akasogea mpaka kwenye mkeka, mbele ya taa yangu, akaushusha mtandio kwa mikono miwili, na akafungua mdomo mbele ya watu watatu kwa mara ya kwanza tangu, kama alivyokuja kunambia mwenyewe, Wafaa alipokuwa ananyonya.

"Basi na mie nipime," alisema. "Hayo yaliyobaki."